Wiki Kumi na Tisa za Jogoo

Jumapili, 2 Oktoba

Naanza kuandika leo kwa sababu nisipoandika nitavunja sahani, na sahani zenyewe nilizinunua mimi.

Gazeti lilifika saa mbili asubuhi. Mume wangu akalifungua ukurasa wa kumi na nne kama mtu anayefunua chungu alichopika mwenyewe. "Albamu Kumi Zinazouzwa Zaidi Nchini," imeandaliwa na yeye. Wa kwanza, kwa wiki ya kumi na moja mfululizo, ni Jogoo, yule kijana wa mashati ya kung'aa anayeimba kama aliyebanwa kidole mlangoni. Mama Cherehani hayumo. Si wa kwanza, si wa kumi.

Mimi nafanya kazi kwenye kiwanda kinachorudufu kanda. Kanda za Jogoo zinatoka kwetu, za Mama Cherehani zinatoka kwetu. Daftari la zamu naliandika mimi. Tangu Januari tumemtolea Jogoo kanda elfu ishirini na mbili. Mama Cherehani, elfu thelathini na nane.

Nikamwambia. "Baba Pacha, kanda elfu thelathini na nane zimekwenda wapi? Zinaliwa?"

"Elfu thelathini na nane?" Akainua macho. "Una hakika?"

"Nimeziandika kwa mkono huu."

"Basi zinakwenda sokoni. Mimi napiga simu kwenye maduka thelathini, Mama Pacha. Meza ya sokoni si duka."

"Na anayenunua mezani si mtu?"

"Ndiyo utaratibu."

Akakunja gazeti. Dada yake, wifi yangu, ambaye anaishi nasi tangu alipoachika, alikuwa anaosha vyombo huku akiimba nyimbo za Mama Cherehani kwa mpangilio ule ule wa kwenye kanda, bila kuruka hata moja. Mwandishi wa habari za muziki yuko hatua nne kutoka hapo, na hakusikia kitu.

Jumatatu, 3 Oktoba

Mvua ya kwanza. Bati la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana.

Alhamisi, 6 Oktoba

Kazi yangu ni kukagua. Kanda mama inawekwa kwenye mashine kubwa, na mashine ndogo ishirini zinanakili kwa mpigo. Katika kila kanda hamsini mimi nachomoa moja, navaa hedifoni, nasikiliza mwanzo kidogo, katikati kidogo, mwisho kidogo. Ikiwa safi nagonga muhuri. Wanawake tisa tunakaa mstari mmoja, kila mmoja na wimbo wake masikioni, ukiingia utadhani tunasali kimya kimya dini tisa.

Mwaka mzima Jogoo kanipigia kelele masikioni. Kukasirika kwangu hakukuanza juzi.

Jumapili, 9 Oktoba

Jogoo. Wiki ya kumi na mbili.

Jumatatu, 10 Oktoba

Mama Cherehani alikuja kuchukua mzigo wake, na mkokoteni wake, na turubai lake. Ni fundi wa nguo, mjane, mwembamba kama uzi anaoutumia. Pini zimejipanga kifuani kwenye blauzi kama nishani za jeshi. Albamu aliirekodi chumbani mwake, yeye na jirani mmoja mpiga gitaa. Ngoma unayoisikia ni kanyagio la cherehani yake. Anaimba juu ya nguo za wateja: gauni la bibi harusi aliyerudi kulipunguza baada ya wiki mbili, suruali ya mzee aliyeficha barua kwenye upindo. Watu wanacheka hadi wanalia, halafu wanalia kweli.

Nikamwambia hayumo kwenye orodha ya gazeti. Akafunga kamba ya turubai kwa meno.

"Orodha gani?"

Nikaona haya, nikasema hakuna kitu.

Ijumaa, 14 Oktoba

Nimejaribu tena na mume wangu, kwa upole safari hii. Miaka tisa iliyopita, alipoianza hii orodha, alikuwa anakwenda kwa miguu. Duka hadi duka, daftari kwenye mfuko wa shati, jioni namkanda visigino kwa maji ya chumvi. Ndiyo sababu nilimpenda, sina haja ya kujificha kwenye daftari langu mwenyewe. Sasa ana simu mezani na kiti kinachozunguka.

Nikamwambia nenda sokoni siku moja tu. Akasema hana nafasi, anaandika kitabu. Maisha ya Jogoo. Meneja wa Jogoo kaahidi kukichapisha, na jalada gumu.

Jogoo ana miaka ishirini na minne. Maisha gani hayo? Sura ya kwanza alizaliwa, sura ya pili alinunua shati.

Jumapili, 16 Oktoba

Jogoo. Ya kumi na tatu.

Alhamisi, 20 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Wifi kaanika nguo chumbani kwangu.

Jumatatu, 24 Oktoba

Msimamizi wa zamu katutangazia kwamba plastiki imepungua, kwa hiyo tunarudufu oda kubwa tu. Oda kubwa ni ya nani? Jogoo. Mashine zote ishirini. Nikauliza, Mama Cherehani je? Oda yake kila wiki ni kanda elfu moja na zaidi, na hajakosa wiki tangu Machi.

"Yule atasubiri."

"Asubiri kwa nini, wakati zake zinatoka kuliko…"

"Mama, kazi yako ni masikio. Mdomo hatukuuajiri."

Saa nne Mama Cherehani akaingia na mkokoteni mtupu. Msimamizi akamwambia, njoo wiki ijayo. Akatoka na mkokoteni mtupu.

Jumapili, 30 Oktoba

Jogoo, ya kumi na tano. Nimeondoka mezani kabla mume wangu hajafika ukurasa wa kumi na nne. Wifi ananiambia sokoni wanawake wanagombea kanda za Mama Cherehani, muuzaji mmoja anaziazimisha kwa zamu.

Jumatatu, 31 Oktoba

"Njoo wiki ijayo." Mvua inanyesha, naye hakutaka kuingia chini ya paa la mlinzi. Alisimama pale uani akiangalia mlango wa karakana, akasikia mashine zinavyonguruma. Mtu anayefanya kazi na mashine maisha yake yote anajua mlio wa mashine yenye plastiki.

Alhamisi, 3 Novemba

Leo nilitumwa ghalani kuchukua maboksi ya lebo, nikaona mambo.

Katoni za Jogoo zimepangwa hadi darini, nyingine juu ya nyingine, na kila moja imepigwa chapa nyekundu: IMEUZWA. Nikasoma karatasi iliyobandikwa. Mnunuzi ni duka moja lililoko mtaa wa nyuma ya stendi, ambalo ni la meneja wa Jogoo mwenyewe. Duka hilo ni moja kati ya yale thelathini yanayopigiwa simu na mume wangu. Wananunua kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, wanazihesabu zimeuzwa, na kanda zenyewe hazijatoka hata mlangoni. Paa linavuja juu yake. Katoni za chini zimelowa, zimevimba kama mkate uliotumbukia kwenye chai. Nilipobonyeza moja, maji yakatoka.

Basi hiyo ndiyo albamu inayopendwa nchi nzima. Panya tu ndio walioisikiliza.

Sijamwambia Baba Pacha. Nilitaka kwanza nijue kama anajua. Niliomba Mungu asiwe anajua.

Jumapili, 6 Novemba

Ya kumi na sita.

Jumatatu, 7 Novemba

"Njoo wiki ijayo, mama." Alijibu, "Wiki ijayo ipi, baba? Mbona ulizonipa zote nimezimaliza?" Wenzangu wawili walicheka. Msimamizi aliwaangalia wakavaa hedifoni.

Jumamosi, 12 Novemba

Meneja wa Jogoo kala chakula cha mchana nyumbani kwangu. Tunamwita Miwani, mimi na wifi, kwa sababu haivui miwani yake nyeusi hata ndani, hata siku ya mvua kama leo ambapo ilibidi tuwashe taa saa saba mchana. Niliambiwa asubuhi. Nikapika wali na kuku kwa sababu mgeni ni mgeni. Wifi akaninong'oneza jikoni, "Wifi, tumle jogoo kabla hajatula." Nikacheka. Sikujua ndicho kicheko changu cha mwisho leo.

Miwani alileta mfano wa jalada la kitabu. Jina la Jogoo kubwa, jina la mume wangu chini, dogo lakini la dhahabu. Mume wangu alilishika kwa ncha za vidole kama mtoto mchanga. Na mimi, lazima niseme ukweli, nililionea wivu lile jalada kwa jinsi lilivyoangaliwa.

Wifi, kwa ukorofi wake, akaweka kanda ya Mama Cherehani kwenye redio. Cherehani ikaanza kupiga. Miwani akacheka, akajipangusa midomo.

"Shemeji, hata humu ndani yumo? Huyu mama nusura atuharibie mwaka. Alikuwa ameanza kuingia madukani. Angeendelea kupata mzigo, mpaka tarehe thelathini hesabu ya mwaka inapofungwa, ingekuwa aibu. Bahati nzuri mwenzangu hapa alinistua mapema." Akampiga mume wangu begani. "Elfu thelathini na nane! Nilikuwa sijui kabisa."

Elfu thelathini na nane.

Nilikuwa nimesimama na bakuli la mchuzi. Nilimwangalia mume wangu. Aliangalia kijiko chake. Ile hesabu haikuwa gazetini. Haikuwa dukani. Ilikuwa kwenye daftari langu na kwenye kinywa changu, na nilimpa yeye, mezani pangu, siku ile ya tarehe mbili, nikidhani namwamsha. Aliichukua akampelekea Miwani, na Miwani akaenda kwa msimamizi, na plastiki ikapungua.

Mimi ndiye niliyemkata Mama Cherehani mikono. Kwa ulimi wangu.

Sikumwaga mchuzi. Nimejiuliza tangu saa ile kwa nini sikumwaga. Niliweka bakuli mezani taratibu, nikamwambia Miwani, "Kula, shemeji, kisha uondoke. Na ukirudi tena hapa, uje na chakula chako."

Alipoondoka, mume wangu akasema, "Umeniaibisha."

"Nimekuaibisha mimi?"

"Nilimtajia tu. Ilikuwa mazungumzo. Mama Pacha, mimi nimeandika vijistari vya gazeti miaka tisa, watu wanafungia vitumbua. Kitabu hakifungiwi vitumbua. Nilitaka kitu kimoja tu kibaki."

"Na yule mama? Yeye alitaka nini kibaki?"

"Yule hata hajui kama kuna orodha!"

Na hilo ndilo linalonichoma, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hata mimi niliwahi kumficha.

Jumapili, 13 Novemba

Ya kumi na saba. Sikupika. Wifi naye hakupika. Baba Pacha kala mkate mkavu na jalada lake.

Jumatatu, 21 Novemba

Wiki iliyopita "njoo wiki ijayo", leo "njoo wiki ijayo". Nilivua hedifoni nikamfuata msimamizi mbele ya watu wote nikamwambia plastiki ipo, tumeiona, iko nyuma ya jenereta magunia arobaini. Akaniuliza kama nimechoka kukaa kwenye kiti. Kufika saa sita nimehamishiwa kufunga katoni. Sasa ninazifunga kwa gundi, mimi mwenyewe, zile za Jogoo, na kuzipiga chapa nyekundu.

Alhamisi, 24 Novemba

Mgongo. Mvua. Katoni.

Jumapili, 27 Novemba

Ya kumi na tisa.

Jumatano, 30 Novemba

Hesabu ya mwaka imefungwa leo. Mama Cherehani hajapata kanda hata moja kwa zaidi ya wiki tano.

Jumapili, 4 Desemba

Orodha ya mwaka imetoka, ukurasa mzima, na picha. "Albamu Zilizouzwa Zaidi Mwaka Huu." Jogoo amesimama na shati la dhahabu, mikono juu. Mama Cherehani ni wa kumi na nane. Wa kumi na saba ni mtu aliyekwishaacha kuimba.

Niliichukua kalamu ya mume wangu, ile nzuri, mbele ya macho yake, nikakaa mezani nikaandika barua kwa mhariri. Niliandika kazi yangu na kiwanda changu. Niliandika hesabu za daftari la zamu, za kila mmoja. Niliandika habari ya ghala, chapa nyekundu na katoni zilizolowa. Niliandika: "Albamu iliyouzwa zaidi nchini mwaka huu ni ya Mama Cherehani, na anayesema vingine ni mwongo, hata kama ni mume wangu."

Aliisoma juu ya bega langu. Akasema kwa sauti ndogo, "Usiipeleke."

"Ungesema hivyo kwa Miwani."

Nilitembea hadi ofisi ya gazeti na mwavuli uliovunjika mbavu mbili. Mhariri ni mwanamke, sikujua. Aliisoma akiwa amesimama. Aliniuliza swali moja tu: "Hili la mume libaki?"

Nikamwambia libaki.

Jumapili, 11 Desemba

Imetoka. Na la mume limebaki.

Jumatatu, 12 Desemba

Nimefukuzwa kazi. Msimamizi hakuniruhusu kupita getini. Kasema nirudishe ovaroli na hedifoni kabla ya Ijumaa jioni. Miaka kumi na moja, nikaagwa na mlinzi.

Jumanne, 13 Desemba

Miwani kampigia simu mume wangu. Kitabu basi. Mhariri naye kasimamisha orodha "kwa muda", na mwandishi wake kahamishiwa matangazo ya vifo.

"Umeridhika?" aliniuliza.

Nilifikiri nitaridhika. Nilijitazama ndani kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba, sikukuta kuridhika kokote. Nilikuta hasira, imekaa palepale, na imealika wenzake.

Jumatano, 14 Desemba

Mama Cherehani alikuja. Nilifungua mlango kwa furaha, nikidhani kaja kunishukuru. Mjinga mimi. Alikataa kiti.

"Wewe ndiye uliyeandika barua?"

"Ni mimi, dada."

"Uliniuliza?"

Nikamsogezea kiti tena, akakisukuma.

"Mmeniandika mara mbili," akasema. "Mumeo kaniandika wa kumi na nane, wewe ukaniandika wa kwanza. Hakuna aliyekuja kwenye cherehani yangu akaniuliza, mama, unasemaje? Nilikuja kiwandani kwenu kila Jumatatu, mwanamke mwenzangu, nikakuona umekaa pale. Ulijua. Ungenivuta kando ukaniambia neno moja, ningechukua kanda mama yangu siku ileile nikapeleka kiwanda kingine. Badala yake ukangoja mwaka uishe, ukagombana na mumeo gazetini. Ule ni ugomvi wenu. Mimi nyimbo zangu ziko wapi?"

"Kanda mama iko kiwandani," nikasema.

"Najua iko wapi. Jana nilikwenda kuichukua. Wamenifukuza. Msimamizi anasema, kwa sababu yako, kwamba kanda zote za zamani zitafutwa Ijumaa zitumike upya. Sina kanda mama nyingine, na kanda ya sokoni ukiirudufu inatoa mikwaruzo tu. Yule jirani wa gitaa alifariki Julai."

Wifi akatoka jikoni na kitambaa mkononi. "Ijumaa saa ngapi?" akauliza.

Kila alilosema Mama Cherehani lilikuwa kweli, na lilinikasirisha zaidi kwa sababu hiyo. Mwongo unaweza kumjibu.

Ijumaa, 16 Desemba

Naandika mchana huu huu.

Tulikwenda watatu, mimi, wifi na Mama Cherehani, saa tatu asubuhi. Mvua ya kumwaga kwa ndoo. Nilikuwa na ovaroli na hedifoni kwenye mfuko, na hiyo ndiyo ilikuwa hati yangu ya kusafiria. Nilimwambia mlinzi nimekuja kurudisha mali ya kiwanda. Akaangalia wale wawili.

"Na hawa?"

"Hawa ni mashahidi kwamba nimerudisha."

Akakuna kichwa. Wifi akamwambia, "Baba, mama yako nyumbani anaimba nini akifua?" Mlinzi akamtazama Mama Cherehani, akatabasamu bila kupenda, akafungua geti.

Kanda mama zinakaa kwenye rafu ya chuma nyuma ya mashine kubwa. Siku ya Ijumaa zile zisizotakiwa zinapelekwa kwenye meza ya mashine ya sumaku, inayofuta upande mmoja mmoja. Tulipoingia, fundi alikuwa ameshaanza. Rundo lilikuwa mezani. Niliiona lebo yake kutoka mlangoni, ile aliyoiandika mwenyewe kwa chaki ya fundi nguo, imefungwa uzi mwekundu. Ilikuwa tayari ndani ya mashine ya kufutia, inazunguka.

Sikutembea, niliruka. Nikabonyeza kitufe cha kuzimia kwa kiganja kizima. Msimamizi akatokea sijui wapi.

"Toka! Wewe si mfanyakazi hapa!"

"Ndiyo maana huwezi kunifukuza tena."

"Hiyo ni mali ya kiwanda!"

"Utepe ni wa kiwanda," akasema Mama Cherehani nyuma yangu. Hakupaza sauti. "Sauti ni yangu. Kama unaweza kunipa sauti ukabaki na utepe, nipe."

Msimamizi akanishika mkono, hapa juu ya kiwiko, alama bado ipo. Nami nikageuka, nikiwa na hedifoni mkononi, na nakiri kwamba nilikuwa nimeuinua mkono huo. Ningempiga. Mungu anajua ningempiga, na ningeandika hapa kwamba niliona raha.

Lakini mashine zilinyamaza. Kwanza moja, kisha nyingine, hadi zote ishirini. Nilikuwa sijawahi kusikia karakana ile kimya saa za kazi, unasikia hadi mvua kwenye paa. Wenzangu wanane walikuwa wamevua hedifoni, wamesimama. Yule aliyekuwa akikaa karibu nami, mama mmoja ambaye kwa miaka kumi na moja sikuwahi kumsikia akibishana na mtu, alikuja akamtazama msimamizi usoni. "Mwachie mkono," alisema. "Sisi tuna watoto, tunahitaji kazi. Lakini mwachie, la sivyo leo hakuna kanda inayokaguliwa, na ukagonge mihuri mwenyewe."

Aliniachia. Yule mama akachomoa kanda, akampa Mama Cherehani kwa mikono miwili.

Tukaisikiliza palepale kwenye mashine ya ukaguzi, maana nilitaka kujua. Upande wa kwanza mzima, safi. Upande wa pili ni upepo tu. Nyimbo tano hazipo, na gitaa la marehemu sasa limebaki kwenye kanda za watu tu.

Nilianza kulia kwa hasira. Nilimwambia dada, nisamehe, tungefika robo saa mapema. Alikuwa anaizungusha ile kanda mkononi, uzi mwekundu umemfunga kidole.

"Usilie juu yake, itaingia maji," akasema. "Upande wa pili nitauimba upya. Nilikuwa naogopa sitakuwa na cha kuimba. Sasa ninacho."

Jumapili, 18 Desemba

Ukurasa wa kumi na nne una tangazo la sabuni.

Jumatatu, 19 Desemba

Asubuhi mume wangu kaniuliza, "Kweli zilikuwa ngapi? Mpaka mwisho?" Alikuwa na daftari.

"Nenda kahesabu," nikamwambia. Kutoka kwangu hapati tena hata namba ya kiatu.

Alhamisi, 22 Desemba

Anatoka asubuhi anarudi jioni, amelowa hadi chupi. Hasemi anakokwenda. Wifi kamwona sokoni amechuchumaa kwenye meza ya muuza kanda, anaandika.

Jumatano, 28 Desemba

Kaniletea karatasi. Siku tisa amezunguka. Wauzaji wa jumla saba wanaopeleka kanda mezani, kila mmoja na daftari lake, na maduka yote, safari hii kwa miguu. Kaweka karatasi mbele yangu akasimama kama mwanafunzi.

Niliisoma na damu ikanipanda kichwani. Mama Cherehani wa pili. Wa pili! Kanda arobaini elfu na mia tisa. Jogoo wa sita. Na wa kwanza, kanda arobaini na moja elfu na mia tatu, ni mwalimu mmoja wa chekechea, nyimbo za kuhesabia.

"Umenunuliwa na huyu pia?" nikamuuliza. "Huyu naye kakuahidi kitabu?"

"Simjui. Hakuna anayemjua. Kanda zake zinarudufiwa kiwanda kingine. Nenda kaulize."

Nikaenda, kwa miguu, na hasira zangu zote. Meza ya kwanza: ipo. Ya pili: ipo, zimebaki mbili. Kila mwenye mtoto mdogo anayo. Muuzaji mmoja wa jumla alinionyesha daftari lake, likalingana na karatasi ya Baba Pacha hadi kanda ya mwisho.

Niliandika gazetini kwamba anayesema vingine ni mwongo. Nilikuwa nimehesabu kiwanda kimoja nikadhani nimehesabu nchi.

Nikapita kwa Mama Cherehani kumwambia. Tofauti ni kanda mia nne. Zile wiki tano na ushei alizonyimwa, kwa elfu moja kila wiki, zingemvusha mbali kabisa. Alifikiri kidogo, mguu juu ya kanyagio.

"Kwa hiyo kweli waliniibia."

"Walikuibia."

"Lakini si yule kijana aliyeichukua nafasi yangu."

"Si yeye."

Akacheka, mara ya kwanza namwona akicheka, pini mdomoni. "Huyo mwalimu anaimba vizuri?" Nikasema sijui. "Basi kaninunulie. Na umwambie mumeo aje, nina maswali."

Ijumaa, 30 Desemba

Mhariri amekataa kuichapa. Kasema gazeti haliwezi kujikanusha mara mbili mwezi mmoja. Baba Pacha kaandika orodha kwa mkono, herufi kubwa, akaibandika kwenye nguzo katikati ya soko. Watu walijazana. Kulikuwa na ugomvi mkubwa kuhusu nafasi ya saba.

Saa nane vijana wa Miwani wakaja wakaichana.

Jumamosi, 31 Desemba

Akaandika nyingine. Ikachanwa saa tatu. Akaandika tena, ikachanwa kabla haijakauka. Sasa ameketi kwenye sanduku tupu la machungwa, viatu vyake vizuri vimefumuka nyuzi, anaandika ya nne, na mvua imepungua kidogo.

Bado sijamsemesha neno jema. Sijui nitamsemesha lini, na sitaki mtu aniulize.

Nimeshika gundi.